Oostduinkerke: Kabla ya Kuuita Uvuvi wa Farasi Maigizo

Ukiteremka ufukweni Oostduinkerke mwezi wa Julai utakuta umati umejipanga na kamera, na mbele yake farasi wazito, wavuvi wakiwa mgongoni, wakikokota nyavu za kunasia kamba wa baharini kwenye maji ya kifua. Wapo wanaosema haya ni maigizo ya watalii tu, na hoja yao ina uzito. Koksijde, manispaa yenye kijiji hicho katika pwani ya Flandria, Ubelgiji, inategemea sana wageni. UNESCO ilipoutambua uvuvi huu mwaka 2013 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika, kaya zilizokuwa zikiuendeleza zilikuwa 12 tu. Kwa hesabu ya kilo, farasi hamfikii hata kwa mbali mwenye meli ya injini.

Lakini itazamwe kazi yenyewe. Ratiba inapangwa na bahari: wavuvi huingia majini kama saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, wakaendelea kwa muda kama huo baadaye. Kupwa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, hivyo kazi iliyokuwa ya asubuhi wiki hii itakuwa ya alasiri wiki ijayo, mgeni apende asipende.

Wavu una umbo la faneli. Kila upande wa mdomo una ubao. Farasi akitembea, maji huzisukuma mbao hizo nje na mdomo ukabaki wazi. Mwendo ukilegea, mbao nazo hulegea, mdomo ukafumba. Mbele ya wavu huburuzwa mnyororo, na mtikiso wake humshtua kamba wa kijivu aliyejifukia mchangani (ni mdogo, ingawa si mdogo kama uduvi), naye akiruka huangukia ndani. Mzigo huo unataka farasi wa Brabant, ambaye anaweza kukaribia tani moja. Mwepesi angeyumbishwa na mawimbi.

Kila baada ya nusu saa hivi wavuvi hurudi nchi kavu kufungua mkia wa wavu na kuchekecha. Kamba wachanga na visamaki hurudishwa baharini, wanaofaa hutiwa katika matenga mawili yaning'iniayo ubavuni mwa farasi. Hapa asiyejua huumia, maana humo hujificha samaki mdogo mwenye miba ya sumu mgongoni. Wakati wa joto wavu hujaa yavuyavu, ukawa mzito bila faida.

Hapo ndipo penye kidonda. Kamba huvuliwa vizuri zaidi Septemba na Oktoba, ilhali watalii hufurika Julai na Agosti. Basi wavuvi huonekana na watu wengi zaidi katika miezi yao mibaya. Mtazamaji huchungulia tenga, akaona kamba wa kufunika kitako tu, akaondoka akiamini kwamba hawa hawavui kitu. Kalenda ya utalii inautia uvuvi doa lisilo lake.

Wanaowahurumia farasi kwa baridi na chumvi wana haki ya kuuliza. Hata hivyo kazi hufanyika kama mara mbili kwa wiki, na miezi ya baridi kali husimama. Tena farasi mwenye hofu halazimishiki: akigutuka kwenye maji ya kifua, huku amefungwa wavu, aliye hatarini wa kwanza ni mpandaji.

Zamani watu walivua hivi pia Uholanzi, kaskazini mwa Ufaransa na kusini mwa Uingereza. Umedumu Oostduinkerke, yenye ufuo mpana, tambarare, usio na kuta za mawe zinazoingia baharini, ambazo zingenasa wavu. Jumba la makumbusho la NAVIGO hapo kijijini linaweza kutunza matandiko na nyavu. Haliwezi kumtunzia mtu ujuzi wa kutambua fungu la mchanga lililohama baada ya dhoruba. Huo hufundishwa juu ya farasi, mzoefu akiwa jirani. Mwaka 2015 mwanamke wa kwanza alitambuliwa miongoni mwa wavuvi hao, na maigizo matupu yasingemtaka ajifunze yote hayo.

Manispaa ingewatendea haki kwa kutangaza siku za Oktoba kwa bidii ileile ya Julai, hasa za bamvua, mchanga unapofunuka mbali, ili wageni wapime matenga yakiwa na kitu ndani.