Nairobi yadi tayari unazo, nunua mpira unaosimama

Naandika hii manake kila wikendi pale tii ya kwanza, pale tunaanzia gofu, naskia maswali yaleyale, mpira gani wa gofu unaenda mbali, huu unaongeza yadi ngapi, na jibu langu ni lilelile, kama unachezea Nairobi umbali usiwe kitu cha kwanza unanunua. Viwanja vya Muthaiga, Karen, Royal, Windsor, vyote hivi viko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira wowote ule unapata karibu asilimia 6 ya bure ukilinganisha na mtu anayepigia Nyali. Shuti ya yadi 200 kule Mombasa huku inakaribia 212. Hizo yadi 12 hukulipia hata shilingi.

Shida ni kile hewa hiyohiyo inakunyima. Mpira wa gofu unapaa kwa sababu unaondoka kwenye fimbo ukizunguka kurudi nyuma, hiyo ndio spini, na vile vishimo vidogo kwenye kava, lile ganda la nje, vinafanya hewa iushike mpira kwa muda kidogo ndio ule mvuto wa nyuma upungue (mpira usio na vishimo kabisa ungeenda kama nusu tu ya umbali). Sasa hewa ikiwa nyepesi mpira hausukumwi juu vile inatakikana, unapaa chini kidogo, unashuka ukiwa umelala, na ukigusa grini, ile nyasi fupi yenye shimo, bado uko na mbio. Ndio unaona mtu amepiga ayani 7, fimbo ya umbali wa katikati, safi, mpira umetua katikati ya grini, watu wako tayari kupiga makofi, halafu huyooo umetokea nyuma mpaka kwenye banka, shimo la mchanga. Watu wanalaumu swingi, vile mtu alizungusha fimbo. Mi huwa naangalia kwanza ni mpira gani uko kwa mfuko.

Twende kwa kava sasa manake hapo ndio kila kitu kiko. Mipira mingi ya bei ya chini ina vipande viwili, kiini cha raba na kava ngumu ya ayonoma, aina ya plastiki, ile wengi wanaijua kwa jina la Surlyn. Mipira ya bei, kama Titleist Pro V1 na wenzake, ina kiini, halafu tabaka gumu jembamba, halafu juu kabisa kava ya yurethani, plastiki laini, ambayo haifiki hata milimita moja. Ukipiga na draiva, fimbo ya kwenda mbali, ile nguvu inaingia mpaka kiini kinabonyea, kava haina kazi kubwa hapo, na ndio maana tofauti ya umbali kati ya mpira wa bei na ule wa kawaida ni yadi chache sana kwa mchezaji wa wikendi. Lakini ukishika weji, fimbo ya shuti fupi za juu, kwa pichi ya yadi 40 nguvu haifiki ndani, kazi yote inafanyika huko juu, ile yurethani laini inabanwa kati ya mifereji ya weji na lile tabaka gumu la chini yake, inashikwa, na mpira unatoka unazunguka sana. Ayonoma haishikiki hivyo, inateleza ikipanda uso wa weji, mpira unatoka juu zaidi na spini kidogo, na kwa shuti fupi kama hiyo pengo laweza kukaribia nusu.

Usiniamini mimi, nenda pale grini ya mazoezi jioni watu wakiwa wameenda, chukua mipira miwili, mmoja wa yurethani na mmoja wa ayonoma, weji moja, sehemu moja ya kutua. Wa yurethani unatoka chini, unadunda mara moja, mara ya pili unashika breki kabisa kama umeitwa jina. Ule mwingine unatoka juu, unatua polepole hata unadhani utasimama, halafu unaanza kutembea. Angalia pia uso wa weji baada ya hapo, kama ni weji mpya utaona vipande vidogo vyeupe vya kava vimebaki kwenye mifereji, huo ndio ushahidi kwamba mpira ulishikwa.

Kuna kitu kinachanganya watu sana dukani, lile neno laini kwenye boksi. Ulaini wa mpira mzima na ulaini wa kava ni vitu viwili tofauti kabisa. Unaweza kununua mpira ambao kiini chake ni laini mno, mkononi unaskia vizuri, lakini kava ni ayonoma na kwa grini unakimbia vilevile. Na hii imani ya kwamba mtu wa swingi ya polepole lazima atafute mpira laini ndio aweze kuubonyeza, mi siikubali hata kidogo, kila mtu anabonyeza kiini akipiga na draiva, na kwa kawaida mpira laini unatoka kwa uso wa fimbo na kasi pungufu, sio zaidi. Kama unapenda mguso wake sawa, nunua kwa sababu ya mguso. Yadi hautaziona.

Zamani kweli ilikuwa lazima uchague. Kulikuwa na mpira wa nyuzi za raba zilizozungushiwa kiini na kava ya balata, raba laini, huo ulikuwa na spini lakini haukuenda mbali na ulichubuka haraka, na kulikuwa na ule mgumu wa vipande viwili wa kwenda mbali. Mwaka 2000 ndio mambo yaligeuka, Tiger Woods alihamia mpira wa Nike wenye kiini kizima, Juni akashinda US Open pale Pebble Beach kwa tofauti ya mikwaju 15, na Oktoba mwaka huohuo Pro V1 ikaingia kwa mashindano ya Las Vegas na kwa muda mfupi balata ikapotea. Kwa hivyo mtu akiniuliza leo achague umbali ama spini namwambia hilo ni swali la miaka ya tisini.

Kitu kimoja lazima nikiseme wazi, mpira hauwezi kukusaidia ukiwa kwa majani. Huku kwetu rafu, yale majani marefu ya pembeni, ni majani ya kikuyu, yale manene yanashika fimbo, na majani yakiingia kati ya mpira na uso wa weji spini inakufa hata kama umenunua mpira wa dhahabu. Hapo panga utue mbele ya grini na uache mpira ukimbie. Nikicheza pwani, Vipingo ama Nyali, hewa ni nzito, mpira unapaa na kushuka wima zaidi kwa hivyo unasimama kirahisi, ila pia slaisi, shuti inayopinda pembeni, inaonekana kubwa kuliko ya Nairobi manake hewa nzito inakuza kila kosa la pembeni.

Najua pesa ndio shida. Dazani ya mipira ya juu huko Marekani ni zaidi ya dola 50, ikifika hapa imepanda tena, na mtu anayepoteza mipira mitano kila raundi simwambii anunue hiyo, abaki na ayonoma, haipindi sana pembeni na pia haichubuki haraka. Lakini siku hizi kuna yurethani za bei nafuu, ile Kirkland ya Costco, duka la Marekani, kwa mfano, kama una binamu kule anakuja Desemba mwagize. Na makedi wetu, wanaotubebea mifuko, wanauza mipira waliyookota, ya yurethani imo, uliza kedi akuchagulie, wanajua vizuri kuliko wauzaji wengi.

Hii ya mipira iliyokwisha chezwa inanileta kwa watoto. Vilabu vingi vinawapa wanaojifunza mipira migumu kabisa iliyobaki stoo, mtoto anakua akijua chipu, shuti fupi ya kando ya grini, ni kitu cha kutua mapema na kuomba Mungu usimame, halafu akifika mashindano makubwa anakutana na wenzake ambao wamecheza yurethani toka wakiwa na miaka kumi na wanarusha mpira mpaka kwa bendera bila woga. Kama una mipira ya yurethani kwa mfuko ambayo hutumii, iliyochezwa raundi mbili tatu, bora kava haijakatika, wapelekee hao watoto.