Mama Mkwe na Sifuri Sita

Yule rafiki yangu aliyekwenda Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe Zanzibar, kuwaambia wacheza dhumna kuwa nimempeleka mkwe wangu polisi, muongo. Polisi hawamo kabisa. Yaliyotokea ni haya, na bora wangekuwemo.

Nilimtengenezea ami programu ya simu ya kuandikia madeni ya duka lake, pale Darajani. Kibodi ya simu sikuitaka, imejaa herufi na vikatuni ambavyo ami hana kazi navyo. Nikachora yangu: tarakimu kubwa kama vitumbua, na kitufe kimoja cha sifuri tatu kwa mkupuo. Mahali pa kuiweka nikapapima kwa piseli, vile vinukta vidogo vya skrini, kutoka juu. Kwenye simu yangu ilitulia kama bibi harusi. (Mafundi, najua haipimwi hivyo. Nyamazeni.)

Kibodi ya kawaida ikipanda, simu yenyewe hukinyanyua kisanduku cha kuandikia kisifunikwe. Yangu simu haikuijua kuwa ni kibodi, iliiona pambo tu. Na simu ya ami ni fupi, halafu maandishi kayakuza mpaka neno "sukari" linajaa mstari. Kisanduku cha kiasi kikasukumwa chini, kibodi ikakilalia.

Na nilikuwepo! Nimekalia gunia la mchele, kahawa mkononi. Ami, miwani kwenye ncha ya pua, anaandika deni la mama mkwe mtarajiwa: unga na sukari, elfu tano. Akabonyeza tano. Akabonyeza kile cha sifuri tatu. Akaisogeza simu mbali. Akaileta karibu. Akaifuta kwa kanzu.

"Mbona haiandiki?"

Na miye, kwa mdomo wangu huu huu: "Bonyeza tena, ami."

Akabonyeza tena. Kisha, taratibu, kama karani anayegonga muhuri: Tuma.

Ujumbe wenyewe niliutunga mimi, nikajiona hodari. "Mpendwa mteja, unadaiwa shilingi 5,000,000. Lipa leo uepuke usumbufu." Chini yake, kwa maulizo, nambari yangu.

Kikombe sijakiweka chini, simu ikalia.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Kimya. Nasikia jogoo wao huko Kikwajuni. Kimya tena.

"Mwanangu, mahari hujaleta, ushaanza kunidai?"

Nikamweleza habari za piseli. Jamani, mkwe haelezwi habari za piseli.

Usiku ule nikaifungia kibodi kwenye ukingo wa chini wa skrini, kisanduku kikae juu yake siku zote, nikazunguka mtaani kuijaribu kwenye simu za watu. Kwenye moja safu ya sifuri ikazama chini ya vitufe vya simu vya kurudi nyuma, nikainyanyua nayo. Ami kesharudi kwenye daftari.

Jana mama kaja dukani kulipa. Noti moja ya elfu tano, kaitandaza mbele yangu, kidole juu yake.

"Sifuri ngapi hizo?"

"Tatu, mama."

"Hesabu tena."