Si bei ya mafuta peke yake inayoziua kampuni za ndege za bei nafuu

Asante kwa makala, lakini sikubali kwamba mafuta yakipanda bei basi kampuni za ndege za bei nafuu hazina maisha. Fastjet, mojawapo ya kampuni hizo, ilianza kuruka Tanzania mwaka 2012, pipa la mafuta likiwa juu ya dola 100, na wengi waliozoea basi la Dar hadi Mwanza wakapanda ndege kwa mara ya kwanza. Ilisimama huko mwishoni mwa 2018, mafuta yakiwa nafuu kuliko wakati ule. Madeni ndiyo yaliyoibana. Spirit ya Marekani nayo iliomba mahakama iikinge na wadai mara mbili, Novemba 2024 na Agosti 2025. Ryanair ya Ulaya bado ipo, kwa kuwa hukubaliana bei isiyobadilika ya mafuta yake mengi miezi kadhaa kabla ya kuyatumia.

Sisi wa Lubumbashi tunaumia zaidi. Kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, barabara ya kuaminika hakuna, na treni inaishia Ilebo, kabla ya kufika Kinshasa. Mengi ya mafuta yetu yanakuja kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Foleni ikiwa ndefu mpakani, anayelipa ni abiria. Halafu kuna Go-Pass, ada ya uwanja wa ndege anayolipa kila abiria, ambayo haiangalii kama tiketi yako ni ya bei ya chini: mama muuza vitenge anatoa sawasawa na bosi wa mgodi! Serikali ianze kupunguza hapo, kwa safari za ndani. Hapo haihitaji kungoja bei ya dunia ishuke.