Moshi kugeuzwa mafuta kwa jua: tumepiga hesabu, ni vijiko viwili

Wiki iliyopita niliegemea ukuta wa nyumba ya mama mdogo kule Nyegezi, Mwanza, ule upande wa magharibi unaopigwa na jua kuanzia mchana mpaka linazama, kuja kushtuka shati langu jeusi limekuwa jeupe mgongo mzima. Na sio chokaa jamani, ni rangi ya dukani ya ndoo kabisa, haina hata miaka mingi. Mpwa wangu anayesoma kemia akacheka weee, akasema mjomba hiyo ndo titani dayoksaidi ninayowaambiaga kila siku.

Kweli bwana. Ule weupe wa kwenye rangi za ukuta ni unga wa titani dayoksaidi, na jua likiupiga kila siku unaila taratibu ile gundi inayoshikilia rangi, mwisho unabaki unga mtupu juu ya ukuta unasubiri shati la mjinga mmoja. Sasa unga huohuo ndo ulioanzisha hii habari inayomnyima usingizi mpwa wangu. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walionyesha kwamba titani dayoksaidi ikimulikwa ndani ya maji inasaidia kupasua maji yenyewe, unapata haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1979 wao na wenzao wakaja na jingine, wakapitisha hewa ukaa kwenye maji yenye unga wa aina hiyo, wakamulika, na wakapata asidi fomiki, formaldehaidi, methanoli (aina ya pombe ya viwandani inayowaka) na gesi ya methane kidogo. Yaani gesi ya moshi, maji na mwanga, halafu kinatoka kitu kinachowaka.

Hoja ya mpwa ni fupi, aliirusha kwenye grupu la familia: jua tunalo, maji tunayo ziwa zima, na moshi haujawahi kutuishia, sasa Mwanza tunasubiri nini?

Mi sio wa kupinga kila kitu, na kusema ukweli ana pointi. Dunia hata ikiacha mafuta kesho bado itahitaji kaboni, maana plastiki, dawa, gundi, nailoni, vyote vina kaboni ndani na huwezi kuvitengeneza kwa umeme peke yake. Na hewa ukaa sio takataka tu kama tunavyoizoea kuisikia, mbolea ya urea anayoweka mkulima wa mpunga kule Magu inatengenezwa kwa amonia na hewa ukaa. Hata monoksidi ya kaboni, hii hii inayoua watu wakilala na jiko la mkaa chumbani wamefunga madirisha, viwandani ni mali, unaichanganya na haidrojeni unapata methanoli au hata dizeli. Kwa hiyo kama kuna kichocheo, yaani kitu kinachosukuma kemikali zibadilike kama huu unga, kinachoweza kufanya hiyo kazi kwa jua la bure, bila tanuri, bila presha kubwa, nani atakataa.

Shida inaanza ukiingia ndani. Mwanga ukigonga ule unga, elektroni inaruka na kuacha tundu, na hiyo elektroni ndo inatakiwa iende ikaibadilishe hewa ukaa. Ila nyingi hazifiki, zinarudi kwenye tundu lake kabla hujapepesa jicho na nguvu yote inaishia kuwa joto tu. Zile chache zinazofika zinakutana na maji, na maji ni rahisi kuyashughulikia kuliko hewa ukaa ambayo imejifunga kwelikweli, kwa hiyo unapata haidrojeni wakati ulitaka methanoli. Halafu titani dayoksaidi inatumia miale ya urujuanimno tu, ambayo kwenye jua letu ni kama asilimia 4 au 5, hayo mengine yote yanapita yanaenda zake. Ndo maana watafiti wanahangaika kuichanganya na metali nyingine, kutafuta unga wa rangi nyingine unaokula mwanga wa kawaida, na wengine wamepata kweli, ila unga unaokula mwanga vizuri mara nyingi unajila na wenyewe.

Kuna jambo jingine halisemwi sana kwenye klipu za mtandaoni. Maabara nyingi zinapima mazao kwa mikromoli, yaani kiasi kidogo mno, na kwenye kiasi hicho uchafu kidogo tu wa mafuta uliobaki kwenye unga wakati wa kuutengeneza unaweza kutoa methane ukadhani imetoka kwenye hewa ukaa. Imeshawatokea watu. Ndo maana mtafiti makini anatumia hewa ukaa yenye kaboni 13, ile nzito kidogo, halafu anaangalia kama iko kwenye methane aliyoipata. Mpwa nimemwambia akiona mtu anatangaza maajabu bila kipimo hicho apite kimya.

Sasa hesabu, hapa ndo tulikaa naye na kalamu. Jua la kwetu tukaliwekea uniti 5, hizi hizi za umeme, kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Kichocheo tukakipa asilimia 1, na hapo tumekipendelea, maana Wajapani waliotandaza paneli za vichocheo mita 100 za mraba nje juani, kazi iliyotoka 2021, walifikia asilimia 0.76 na hiyo ni haidrojeni tu ambayo ni rahisi kuliko hewa ukaa. Asilimia 1 ya uniti 5 ni uniti 0.05. Lita moja ya methanoli ina kama uniti 4.4. Gawanya, unapata mililita 11 kwa siku, vijiko viwili vya chai kwa mita nzima ya bati la paa. Ukitaka lita moja tandaza karibu mita 90.

Mita hiyohiyo moja ukiweka sola ya kawaida ya asilimia 20 inakupa uniti 1 kwa siku. Maharage kwenye presha kuka ya umeme hayamalizi uniti. Kwa hiyo swali sio kama jua ni bure, jua ni bure ila bati sio bure, na lile bati lina kazi nyingine ya kufanya. Ukishuka soko la samaki la Mwaloni asubuhi uone akina mama walivyoanika dagaa, kila mita ya jua pale ina mwenyewe, jaribu kuweka unga wako uone.

Mpwa akaja na hoja nzuri, akasema sola nayo ilianza na asilimia 6 mwaka 1954 watu wakaipuuza. Sawa, lakini ilianza na 6. Hii tangu 1979 bado tunahangaika na moja.

Na hiyo gesi yenyewe unaitoa wapi? Moshi wa mkaa na wa malori Igoma ukishaachiwa umekwisha, hewani hewa ukaa ni molekuli kama 420 katika kila milioni, mita nzima ya ujazo ya hewa haina hata gramu moja. Unahitaji mahali ilipokolea, mfano kwenye matangi ya kuchachusha bia. Au Rungwe kule Mbeya, ambako inatoka ardhini yenyewe, ila ile inajazwa kwenye mitungi kwenda kwenye vinywaji, ina wateja tayari, hakuna atakayekupa bure uigeuze vijiko viwili.

Iceland walianza kufanya hili kibiashara 2012, walichukua hewa ukaa ya kituo cha umeme wa jotoardhi na kutengeneza methanoli, lakini haidrojeni waliipata kwa umeme na kichocheo chao kilifanya kazi kwa joto, hakikuwa na habari na jua. Mi naona hata kwetu njia ya sola kwanza, umeme ndo utengeneze kemikali, itatangulia. Huu unga wa mwanga ungeanza na kazi ndogo unayoiweza, kuua vijidudu na kuvunja uchafu kwenye maji ya kunywa, maana hiyo tabia ya kula vitu ninao ushahidi wake mgongoni kwenye shati.

Na hiyo methanoli siku ikitoka ifungiwe stoo na kufuli, nawajua watu wangu, mtu ataonja akidhani ni gongo aamke kipofu.

Mpwa alikaa kimya anaangalia karatasi, halafu akauliza, "Mjomba, na ikifika asilimia kumi?"

Tukapiga tena. Mita 9 za bati, lita moja kwa siku. Nikamwambia ikifika kumi njoo uchukue bati la jikoni kwangu, hata usibishe hodi.