Mdhamini anunue nafasi kwenye ratiba, asinunue namba zetu

Kundi la WhatsApp la wachezaji wa mpira wa vinyoya (badminton) au tenisi halifanani na kundi la mtaa. Kila aliyemo ana raketi, ana viatu vya uwanjani, na analipia saa ya uwanja karibu kila wiki. Ujumbe wa kundi anaufungua kwa sababu moja: leo nani yupo, uwanja gani, saa ngapi. Kwa muuza vifaa vya michezo, kliniki ya tiba ya viungo au mgahawa ulio jirani na uwanja, watu 150 wa namna hiyo wana thamani kuliko bango la barabarani. Kwa hiyo pesa ya udhamini ipo, na ni halali kuichukua. Shida ni kwamba maadmini wengi wanauza kitu ambacho si chao.

Kitu hicho ni namba za simu. Katika kundi la kawaida la WhatsApp, kila mwanachama anaziona namba za wenzake wote. Mwakilishi wa kampuni akiingizwa kundini kwa nusu siku tu, keshazibeba. Jioni ileile watu wanaanza kupokea meseji inboksi, na hakuna anayeuliza kampuni imezitoa wapi; wote wanamtazama admini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinasimama juu ya jambo jepesi kulielewa: taarifa itumike kwa kile ilichotolewa. Mtu alitoa namba yake apate nafasi ya kucheza Jumanne. Hakuitoa ili auziwe kiwanja Kigamboni.

Kwa hiyo sharti la kwanza la mkataba, kabla ya bei, ni kwamba mwakilishi wa mdhamini haingii kundini. Ujumbe wake unatumwa na admini. Kama tayari ni mchezaji na yumo kundini, iandikwe kwamba hatamfuata mwanachama yeyote inboksi kwa biashara, na akikiuka mara moja mkataba unakufa na pesa hairudi. Kampuni yenye nia njema haikatai sharti hili. Inayolikataa imeshasema ilichokuja kutafuta.

Basi kinachouzwa ni nini? Ni ratiba. Tazama ujumbe wa kawaida wa siku ya mchezo:

"Jumanne saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Viwanja 3, nafasi 18. Vinyoya vya leo vimetolewa na duka fulani. 1. 2. 3…"

Kila mtu anaunakili, anaongeza jina lake, anaurudisha kundini. Nafasi 18 zikijaa, mstari wa mdhamini umepita mbele ya macho ya kundi zima mara 18, na hakuna aliyesumbuliwa hata chembe, kwa sababu kila mmoja alikuwa anatafuta jina lake au nafasi iliyobaki. Hakuna tangazo la picha linaloweza kufanya hivyo. Ila mstari uwekwe juu, kati ya saa na orodha ya majina. Ukiuweka chini, watu wanaufuta bila kukusudia wanapoandika majina yao, na ikifika nafasi ya kumi haupo tena. Wanaopanga ratiba kwa kura za WhatsApp wajue kwamba kura ni safi zaidi kwa kuhesabu watu, lakini hainakiliwi, kwa hiyo mdhamini anaonekana mara moja tu. Wiki yenye mdhamini, rudi kwenye orodha.

Baada ya hapo kuna kubandika ujumbe juu ya kundi. WhatsApp inaruhusu jumbe tatu zilizobandikwa, kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Moja ibaki ya kanuni za kundi, moja ya ratiba, na moja tu ndiyo ya mdhamini, kwa siku 7. Zaidi ya hapo, yaani picha tatu kwa siku, video na sauti za dakika mbili, usiuze hata kwa bei kubwa. Watu hawagombani na admini kwa sababu ya matangazo. Wanazima sauti ya kundi, kimya kimya. Kundi likishazimwa sauti, ratiba inaanza kukosa watu, siku moja viwanja vitatu vina watu saba, na gharama ya ukumbi iko palepale.

Bei ndiyo mahali ambapo wengi wanakosea zaidi. Wanaanza na idadi ya wanachama: tuko 300, tupe shilingi kadhaa kwa kila kichwa. Mdhamini anayejua kazi yake atauliza wanaocheza ni wangapi, na jibu likiwa 40 mazungumzo yamekwisha. Anza na gharama ya mchezo wenyewe. Tuseme mnacheza siku mbili kwa wiki, viwanja vitatu, na kwa vinyoya vya manyoya halisi mnamaliza makopo matatu ya vinyoya 12. Tuseme kopo ni shilingi 50,000. Hiyo ni 150,000 kwa wiki, 600,000 kwa wiki nne. Hicho ndicho kima cha chini cha mdhamini mkuu. Nafasi 36 za wiki zikigawana zile 150,000, kila mchezaji anapunguziwa takriban shilingi 4,000 kila anapocheza. Hapo mdhamini ana la kujivunia: wachezaji wanaliona jina lake kwenye mfuko wao.

Juu ya hiyo ongeza malipo ya admini. Wapo wanaosema admini hapaswi kulipwa kwa kuwa kundi ni la kirafiki. Sikubaliani nao. Kuandika ratiba, kukusanya michango, kubembeleza mwenye ukumbi, kutafuta wa kuziba nafasi saa 11 jioni mtu akijitoa, hiyo ni kazi, na kazi ya bure huishia kulipwa kwa mlango wa nyuma. Kiasi kitajwe mbele ya wanachama na kipigiwe kura. Kwa mfano huu, ukisema asilimia 20 ya malipo yote, mdhamini analipa 750,000: 600,000 ni vinyoya, 150,000 ni ya admini. Kila mtu anajua, hakuna minong'ono.

Bei hiyo iandikwe kuwa ni kabla ya kodi. Tanzania, kampuni inayolipia huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo kwenye 750,000 itakayofika ni 712,500, na kampuni inapaswa kutoa hati ya makato. Admini asiyelijua hili anatangaza 750,000 kundini, zinafika pungufu, na zile 37,500 zinageuka tuhuma. Kenya, kampuni itadai ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, maana bila hiyo haiwezi kuingiza malipo kwenye matumizi yake ya kikodi. Kama kundi halina mtu mwenye namba ya mlipakodi aliye tayari kusimama, malizeni hilo kwanza ndipo muongee na mtu yeyote.

Pesa isiingie kwenye simu ya mtu mmoja. Huduma za vikundi kama M-Koba, au akaunti ya benki yenye waidhinishaji zaidi ya mmoja, zipo kwa ajili hiyo. Kila mwisho wa mwezi, andika kundini mistari minne: zilizoingia, vinyoya, admini, salio.

Mdhamini mwingine atasema hana taslimu, atatoa vifaa. Pokea, lakini kwa macho. Kinyoya kina kasi yake, imeandikwa kwenye kopo, mara nyingi 75 hadi 79, na namba kubwa ni kasi kubwa. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, hewa ni nyepesi, kinyoya kinachofaa Dar kule kinapita mstari wa nyuma. Duka lenye matawi mijini kote linaweza kukuletea katoni nzima isiyochezeka. Kanuni za mchezo zina kipimo: simama kwenye mstari wa nyuma, piga kwa nguvu yote kutoka chini kwenda juu, kikitua kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili, kasi ni sahihi. Jaribu kimoja kutoka kila kopo kabla ya kusaini kupokea. Angalia na manyoya: yaliyokaa stoo yenye joto yanakauka na kuvunjika baada ya mapigo machache, na thamani iliyoandikwa kwenye mkataba inakuwa ya karatasi tu.

Kwenye tenisi angalia makopo ya mipira. Kopo likifunguliwa lazima lipumue kwa mlio; lisipopumua, gesi ilishatoka dukani na mipira imekufa. Na kwa wa Nairobi, shirikisho la kimataifa la tenisi linaruhusu aina maalumu za mipira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Taja hilo kwenye barua ya kuomba udhamini, usiliache kwa muuzaji akisie.

Akitaka bango, kuna mambo mawili. Kuta ni za mwenye ukumbi au klabu, si za kundi. Klabu nyingi zina wadhamini wao na kantini yake ina mkataba wa vinywaji, kwa hiyo ruhusa iwe ya maandishi. La pili wabunifu wa matangazo hawalijui: kinyoya ni cheupe. Bango jeupe likitundikwa ukuta wa nyuma, mchezaji wa upande wa pili anakipoteza kinyoya kikipita mbele yake, na smashi, yaani pigo kali la kushuka, iliyopotea machoni huishia usoni. Ndiyo maana kumbi nzuri zina kuta za kijani kibichi au buluu iliyokolea. Bango liwe la rangi nzito, au likae ubavuni. Kwenye tenisi hivyohivyo kwa rangi ya manjano.

Kampuni za kubeti zikataliwe moja kwa moja. Makundi haya yana vijana wa umri wa shule na wazazi wao. Tena kwenye tenisi, kanuni za kupambana na rushwa ya mchezo zinamkataza mchezaji wa mashindano ya kulipwa kubeti kwenye mechi yoyote ya tenisi, na mtoto mnayemlea kundini ndiye mnayetaka afike huko. Pesa yao ni kubwa na inakuja haraka. Iacheni ipite.

Kuna na kocha wenu. Kama anafunga nyuzi za raketi na ndiyo sehemu ya riziki yake, usimlete mdhamini wa nyuzi bila kukaa naye. Wadhamini wawili wa biashara moja nao hawakai pamoja. Yule wa kwanza apewe upekee wa aina ya biashara yake kwa miezi mitatu, na upekee huo ulipiwe.

Mdhamini atataka ushahidi, na upo bila kumdhuru mtu. Ujumbe uliotuma mwenyewe kundini unaweza kuufungulia taarifa zake ukaona waliousoma, maana ndani ya makundi alama za kusomwa hazizimwi. Hesabu vichwa, mpe mdhamini idadi tu, usimpe skrinishoti yenye majina. Kisha tengeneza kiungo cha wa.me, kinachofungua mazungumzo ya WhatsApp na namba ya duka, chenye maneno tayari, mfano "Natoka kundi la Jumanne", ili duka lihesabu lenyewe waliokuja. Mwanachama anaandika mwenyewe, kwa hiari yake. Neno la punguzo la kutaja kaunta linafanya kazi vilevile, ila mfundisheni mhudumu. Mara nyingi mwenye duka anajua na mhudumu hana habari, mchezaji anaaibika, harudi.

Upande wako nawe pima. WhatsApp inamwonyesha admini waliotoka kundini ndani ya siku 60 zilizopita. Andika idadi hiyo siku mkataba unapoanza, iangalie tena siku ya 60, na linganisha pia waliojiandikisha kucheza kwa wiki. Wakitoka wanaocheza mara kwa mara, hata wanne au watano tu, wapigie simu mmoja mmoja kabla ya kuongeza mkataba, na wakitaja matangazo, mkataba usiongezwe hata kama mdhamini ameshatuma ya mwezi ujao. Mrudishie.