Mtoaji Mimi, Mpokeaji Mimi

Eti sahihi zinafanana! Asubuhi yote hii, chai haijachemka, nasoma kwenye simu kwamba zabuni yangu ya madawati imeenguliwa kwa sababu sahihi ya mtoa mamlaka inafanana na sahihi ya mpewa mamlaka. Jamani, zifanane na za nani? Karakana yangu, jina la biashara langu, TIN yangu, deni la mbao langu.

Nilikuwa zangu Keko, napigilia vitanda. Mteja ananikopa, mimi namkopa mwenye mbao, siku zinakwenda. Akatokea mshauri wa zabuni, shati limenyooka, laptopu kwapani, akasema, "Shikamoo Mkurugenzi." Kijana wangu aliyekuwa anapiga randa akageuka kumtafuta huyo Mkurugenzi.

Mshauri akamwaga sera. Mambo ya bahasha na kujuana na karani yamekwisha. Toka 2023 TANePS, ule mfumo wa zamani wa zabuni za serikali mtandaoni, imestaafu, sasa ni NeST, na sheria mpya ya ununuzi wa umma, namba 10 ya mwaka huohuo, imeshatoka. Unajisajili, unabofya, unashinda. Hakusema kwamba kila karatasi ina mama yake: leseni inataka cheti cha kodi, cheti kinataka makadirio, makadirio yanataka hesabu, na hesabu zangu ziko ukutani kwa penseli, nusu yake zimepakwa vanishi.

Kuna 30% ya manunuzi ya umma imetengwa kwa vikundi maalum, akasema. Vijana, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu. Nikamwangalia. Ujana ulishanikimbia, uzee bado unanisubiri kituoni, na mwanamke siye. Akasema basi tutapita mlango wa kawaida. Mlango wa kawaida ndio uliotaka pawa ya atoni, hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukusainia.

Nikapanda ghorofa Kariakoo kwa wakili. Pale mezani kwa karani ndipo mambo yalipoanzia.

"Mtoa mamlaka yupo?"

"Nipo."

"Mpewa mamlaka?"

"Nipo."

"Mzee, nimeuliza mpewa."

"Ndiyo mimi, mwanangu. Sina kampuni, nina karakana. Nampa mamlaka mtu asaini zabuni kwa niaba yangu, na mtu mwenyewe ni mimi."

Akaniangalia, akaiangalia fomu, akasema picha mbili, ya mtoaji na ya mpokeaji. Nikampa picha mbili. Akazirudisha: hizi ni moja, mfumo utakataa, mmoja abadilishe nguo. Nikashuka studio. Yule dogo wa studio ana koti moja tu, la mtu mnene. Akalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, akaniambia usigeuke. Nikapanda tena na mtu wangu wa pili, ana koti na tai.

Karani akaziweka picha sambamba, akakunja uso. "Huyu mtoaji," akasema, akigonga ile yenye fulana, "hali yake naona siyo nzuri. Una uhakika anatoa kwa hiari?"

Nikamwambia anatoa kwa hiari, mkewe tu ndiye hajui.

Akaja wakili mwenyewe, miwani puani, akasoma kwa sauti kwamba mtoaji anaweza kumtengua mpokeaji wakati wowote akionekana kukiuka masharti. Nikaapa. Akauliza mpokeaji anafahamika kwa mtoaji kwa njia gani, kwa kazi au kwa undugu. Nikasema tulizaliwa pamoja. Akaandika: "undugu". Mhuri ukagongwa, hela ikatoka, ya mtoaji na ya mpokeaji. Yaani kulipa tulikuwa wawili, kusaini ndio tumeonekana mmoja!

Nimempigia mshauri. Anasema ni kasoro ndogo, kwenye zabuni ijayo mpokeaji asaini kwa mkono wa kushoto.

Na hata ningepita hapo, mbele kulikuwa na uzoefu. Leta mikataba mitatu ya kazi kama hii. Ya kwanza nitaipata wapi kama kila anayetoa ya kwanza anaulizia ya tatu? Jirani yangu wa makochi yeye alishinda, tukampongeza, akanunua soda mtaa mzima. Mzigo umepokelewa, wanataka risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ndipo walipe, 2% ya kodi ya zuio inamsubiri mlangoni, na hela yenyewe iko "kwenye mchakato". TRA wanajua ana hela, yeye hajaziona. Kampuni binafsi nazo ndio usiseme: siku 90 baada ya ankara, wakati mwenye mbao wa Mafinga anataka chake lori halijazimwa.

Sasa mshauri kagundua kwamba mke wangu ni mwanamke. Yeye na wenzake wameunda kikundi, wamesajili, katiba wanayo, mhuri wanao. Mimi sina cheo. Juzi kaja karakanani, kanipita nikiwa nimeshika msumeno, kaenda moja kwa moja kwa mama watoto: "Shikamoo Mkurugenzi." Halafu akanigeukia: "Fundi, tuletee viti."

Viti vyenyewe ni vya mteja! Vina vanishi mbichi! Wamama wanane wamevikalia wakijadili madawati ambayo hakuna hata mmoja wao anayejua kushika randa, na mweka hazina wao amebandukana na kiti akiwa na alama ya mninga kwenye kanga. Nimenyamaza. Baada ya mkutano huyohuyo mweka hazina akanivuta pembeni, akasema mlango wake wa choo mvua ikinyesha hauingii kwenye fremu, nipitie jioni nikiwa natoka kazini, si tuko kikundi kimoja? Nikamwambia atangaze zabuni. Akasema bawaba anazo, nije tu na bisibisi.