Ndevu Zenye Thamani ya Dinari 10

Mimi si mtu wa kulalamika. Lakini tangu alfajiri nimesimama Lango la Daudi, jua la Yerusalemu linanichoma utosi, halafu karani ananiuliza, "Mzee, huyu naye ni mtoto?"

Ni mtoto, tena wangu! Sultani Saladin, aliyeutwaa mji wetu sisi Wakristo, ametoa bei ya kutoka salama: mwanamume dinari 10, mwanamke 5, mtoto vijisenti. Nimefanya hesabu yangu, nikamfunga kijana ushungi wa dada yake, nikamwonya asifungue mdomo.

"Mbona ana ndevu?"

"Masizi hayo, bwana karani. Sie wapishi wa Malquisinat, mtaa wa wapishi, tunawapikia mahujaji."

Karani akatia kidole mate, akasugua. Hazikutoka. Akasugua tena, safari hii ameng'ata ulimi. Foleni nzima kimya. Nikasema ni masizi ya ukoo, hata babu alikuwa nayo. Akamgeukia kijana: "Hujambo?"

"SIJAMBO, SHIKAMOO!" Sauti ya fahali. Njiwa wakaruka mnarani.

"Dinari 10."

Jamani! Mwezi jana tu Balian, kiongozi wa ulinzi wa mji, alikuwa anawavika upanga wana wa mjini walinde kuta. Nilimpeleka huyuhuyu, nikaambiwa bado mtoto! Ndevu zimeota lini, wakati wa kuzingirwa?

Akapita Patriaki Heraclius, mkuu wa kanisa letu, akalipa 10 zake, nyuma mikokoteni imeelemewa na hazina. Huyo hakupakwa mate. Eti Saladin mwenyewe kasema aachwe apite.

Babu yangu alikuja na Godfrey, kiongozi wa Vita vya Msalaba, mwaka 1099. Waliua watu wa mji huu hadi mitaani hapapitiki, kisha kila mtu akatundika ngao kwenye mlango alioutaka, nyumba ikawa yake. Bure! Leo, miaka 88 baadaye, mjukuu nalipia kutoka.

Na yote haya kisa nini? Maji! Jeshi letu lilikuwa kambini Saffuriya, chemchemi zinabubujika. Raymond, mtawala wa Tripoli, akamwambia Mfalme Guy wetu tusitoke hapa, na mkewe Raymond ndiye aliyezingirwa kule Tiberias! Mwenye mke katulia. Usiku Gerard, mkuu wa Watemplari, wale watawa wapiganaji, akaenda kumnong'oneza mfalme hemani, asubuhi safari. Julai! Hattin, kwenye vita na Saladin, wakafika ndimi nje, wakapoteza jeshi, Msalaba wa Yesu, na mfalme mwenyewe akatekwa. Mpishi yeyote angewaambia: kabla hujawasha moto, uliza maji yako wapi.

Reynald, bwana mmoja wetu, na uporaji wake wa misafara wakati wa mapatano na Saladin, sitaki hata kumtaja.

Wengine wanashuka ukutani kwa kamba usiku. Mama watoto anasema na sisi tushuke. Sawa, lakini mama yake? Kamba ipi? Na tukifika Tiro, mji wa pwani ulio bado mikononi mwetu, nasikia wanaingiza wenye kuweza kupigana tu, kwa hiyo huko itabidi niape kwamba kijana ni dume kamili. Ushungi autupe njiani. Dada yake naye ameshaanza kuulilia, anasema ni mpya, ule wa hariri wa Pasaka, na kwamba kidole cha karani kimeutia madoa. Sabuni yenyewe siku hizi bei gani?